Upepo au maji? Jibu kwa dada wa Ndosho kuhusu sitiari na fikra

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Jambo mwalimu. Nasoma mwaka wa tatu hapa Goma, na siku ambazo sina masomo ni mhamasishaji wa afya katika kartie ya Ndosho. Sekondari tulifundishwa kwamba sitiari ni pambo la lugha, kazi ya washairi. Chuoni tunaambiwa kinyume: kwamba fikra zetu zinaongozwa na sitiari na paradigma, tupende tusipende. Mjomba wangu, ambaye ni injinia, anasema ndiyo maana sayansi haisemeki kwa Kiswahili: lugha yetu ni ya mafumbo, Kifaransa ni lugha ya vitu vyenyewe. Nani ana haki kati ya hawa? Na mimi ninayeenda kuongea na wamama kuhusu mazuku na kolera, jambo hili linanihusu nini?"

Jambo sana, dada. Nianzie Bulengo, maana ndiko nilikoacha kuamini kwamba sitiari ni pambo.

Rafiki yangu alikuwa na shamba kule magharibi mwa mji, karibu na ziwa. Siku moja tulifika alfajiri, jua halijatoka, hewa imetulia kabisa. Katika kibonde kidogo katikati ya makoro, yale mawe ya lava iliyopoa, mbuzi wawili walikuwa wamelala ubavu, wamekufa, hawana jeraha lolote, mmoja majani bado mdomoni. Mama mwenye mbuzi alisema neno moja tu: mazuku. Kisha akaongeza kwamba upepo mbaya umepita usiku ukawachukua. Nami nikafanya kile anachofanya mtu akisikia habari ya upepo. Nikatazama juu. Nikageuza shavu nihisi unavuma kutoka wapi. Sikuhisi kitu, nikaona umeshapita, nikaanza kushuka kwenda kuwaangalia wale mbuzi.

Kijana mmoja wa pale akanishika mkono. Hakunieleza kitu. Alifunga mshumaa kwenye ncha ya kijiti kirefu, akauwasha, akaushusha polepole ndani ya kibonde. Mwali ulibaki wima, umetulia, mpaka ulipofika kama usawa wa goti. Pale ukazimika, bila kuyumba, kama umechovywa. Akaupandisha, akauwasha tena, akaushusha upande wa pili. Ukazimika usawa uleule. Akanionyesha kwa kidole: "Mwalimu, maji yake yanaishia hapa."

Hapakuwa na tone la maji. Lakini aliposema hivyo, kibonde kizima kilibadilika machoni pangu. Niliona ukingo, niliona kina, niliona mbuzi waliozama. Miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe.

Kinachojaa kwenye vibonde vile ni dioksidi ya kaboni, gesi ileile tunayoitoa puani, ila kule inapanda kutoka ardhini kupitia nyufa za eneo letu la volkano. Haionekani, hainuki, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu. Usiku usio na upepo inatulia mahali pa chini. Asubuhi jua likipanda na hewa ikianza kutembea, inatawanyika. Angalia jinsi neno linavyoweza kumgeuza mtu: upepo wa kweli ndio unaotuokoa na kile tunachokiita upepo mbaya.

Sasa fikiria miguu na mikono ya mtu aliyeambiwa "upepo". Atafunga dirisha, atajikunyata chini, atafunika uso kwa kitenge, atangoja upite. Kujikunyata ndiyo kuingia ndani kabisa ya gesi. Aliyeambiwa "maji" atauliza maswali mengine: kina chake ni kiasi gani? Nani ni mfupi kati yetu? Ataona mwenyewe kwamba mbuzi anakufa pale ambapo mchungaji wake aliyesimama bado anapumua. Kwamba mtoto aliyetumwa kuokota kuni yuko hatarini kuliko baba yake. Kwamba mtu mzima naye anaweza kuanguka akiinama kufunga kiatu. Atapanda juu. Na hatarukia ndani kumvuta mwenzake aliyeanguka, kama vile asiyejua kuogelea asivyorukia ziwani. Atatafuta kamba au kijiti kirefu, au ataita watu.

Wote wawili wanaongea juu ya kitu kimoja, alfajiri moja, mahali pamoja. Hakuna hata mmoja aliyesema jina lenyewe la kitu. Lakini mmoja ana nafasi kubwa zaidi ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo mwalimu wako wa sekondari alikufundisha nusu. Sitiari inapamba, ndiyo, lakini kazi yake kubwa ni kutupa cha kufanya mbele ya jambo tusilolijua, kwa kutukopesha maarifa ya jambo tunalolijua tayari. Tunajua maji tangu tuko mgongoni mwa mama. Gesi hatuijui. Tukiambiwa gesi hii ni maji, maarifa yetu yote ya maji yanahamia upande huu mara moja, bila darasa.

Mafundisho ya sekondari yana asili ya zamani sana. Aristotle alieleza sitiari kama kukipa kitu jina la kitu kingine, na kwa karne nyingi ikabaki katika sura ya balagha na ushairi. Mwaka 1980 Wamarekani wawili, George Lakoff wa isimu na Mark Johnson wa falsafa, wakadai kwamba sitiari iko kwanza kwenye fikra, tena katika maneno ya kawaida kabisa ambayo hakuna mtu anayeyaona kuwa ya kishairi. Mfano wao mashuhuri ni ubishi kuonwa kama vita: watu wanashambulia hoja, wanatetea msimamo, mmoja anashinda.

Sikiliza sisi tunavyosema. Hoja zetu zinapigana pia, lakini mara nyingi zaidi zinapimwa. Hoja ni nzito au nyepesi. Mzee anapima maneno kabla ya kuyatoa. Na wazee wakikaa barzani kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba, wanakata maneno, kama vile mtu anavyokata shauri. Kuna mizani na kuna kisu. Mtu aliyelelewa kwenye mizani anaweza kukubali kwamba upande wake ni mwepesi leo bila kujiona ameuawa. Mimi naiona hiyo kuwa hazina, na inaniuma kusikia vijana wetu kwenye redio wakisema tu "nimempiga", "nimemmaliza", kana kwamba mazungumzo hayana namna nyingine ya kwisha.

Kwa mjomba wako nina maneno mengi kidogo, unisomee kwake kwa heshima. Mwulize vaccin imetoka wapi. Imetoka kwa ng'ombe, vacca kwa Kilatini, kwa sababu mwaka 1796 Edward Jenner alimkinga mtoto na ndui kwa kutumia usaha wa ugonjwa wa ng'ombe. Sisi tunasema chanjo, kutokana na kuchanja, wembe kwenye ngozi. Kifaransa kinakumbuka ng'ombe, Kiswahili kinakumbuka wembe, na sindano ya leo haina ng'ombe wala wembe. Cellule, yaani seli, ni chumba kidogo: Robert Hooke alitazama kizibo kwa hadubini, akaona vyumbavyumba, akaandika hivyo mwaka 1665. Champ magnétique ni shamba la sumaku. Courant ya umeme ni mkondo unaokimbia kama mto, na mjomba anaupima kila siku bila kulowa. Décider, yaani kuamua, yenyewe ni kukata, kutoka Kilatini, sawasawa na kukata shauri kwetu. Kifaransa kimejaa mafumbo kuliko anavyodhani, ila yamezeeka, na shule ilimpa akiwa mdogo bila kumwambia kwamba ni mafumbo.

Sisi tuna kueleza na kuelewa, ambavyo ni ndugu wa kuelea. Jambo likiwa wazi tunasema limenielea: limepanda juu ya maji, naliona. Mwalimu anayeeleza anafanya kitu kilichozama kipande juu. Sijui picha nzuri kuliko hiyo ya kazi ya sayansi, na inakaa ndani ya kitenzi tunachokitumia sokoni Birere bila kufikiri.

Lakini mwalimu wako wa chuo naye akisema zinatuongoza "tupende tusipende", amekwenda mbali mno.

Mwaka 2011 wanasaikolojia Paul Thibodeau na Lera Boroditsky waliwapa watu habari fupi ya mji wa kubuni ambako uhalifu unaongezeka. Wengine walisoma kwamba uhalifu ni mnyama mkali anayewinda mji, wengine kwamba ni virusi vinavyoambukiza mji. Takwimu zilikuwa zilezile. Waliosoma "mnyama" walielekea zaidi kutaka polisi na magereza; waliosoma "virusi" walielekea zaidi kutaka chanzo kitafutwe. Walipoulizwa ni nini kiliwaongoza, wengi walitaja takwimu. Huo ni ushahidi mzuri, lakini mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi, Gerard Steen na wenzake, walirudia jambo hilo kwa njia iliyo kali zaidi na hawakuona athari hiyo. Kwa hiyo tusiseme neno moja linamgeuza mtu kama ufunguo kwenye kufuli. Sitiari ina nguvu zaidi pale ambapo mtu hana uzoefu mwingine wa kumsahihisha, na ambapo hakuna anayempa picha ya pili. Pale Bulengo mimi sikuwa na uzoefu wowote. Nilikuwa na neno tu.

Benjamin Lee Whorf, aliyedai kwamba lugha huelekeza fikra na ambaye jina lake hutajwa kila mara katika mjadala huu, alikuwa mkaguzi wa moto wa kampuni ya bima huko Marekani. Kazi yake ilikuwa kwenda mahali palipoungua na kuuliza kwa nini. Aliona kwamba wafanyakazi walikuwa waangalifu karibu na mapipa ya petroli yaliyojaa, lakini karibu na mapipa "matupu" walivuta sigara. Mapipa matupu ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu yamejaa mvuke unaolipuka. Neno "tupu" liliwaambia hapa hakuna kitu. Dada, ukipita barabarani kwa wale vijana wauza mafuta tunaowaita kadhafi, angalia bidoni tupu, yaani madumu, zimewekwa wapi na nani amekaa juu yake na sigara. Hapo Whorf angesimama na daftari lake. Hilo silichukulii kama ushahidi kwamba lugha ni jela: anayejua habari ya mvuke anasema "tupu" kama wengine, na bado anazima sigara.

Ngoja nikuonyeshe pia wakati, maana hapo Kiswahili chetu cha Goma kina jambo la pekee. Kamati ya wazazi ilituma ujumbe: mkutano wa Jumatano umesogezwa mbele siku mbili. Wazazi kadhaa walikuja Jumatatu wakakuta mlango umefungwa. Wengine walikuja Ijumaa. Kila upande uliuona mwingine haujui Kiswahili, na wote walikuwa sawa. Kwetu mtu anasema "mbele ya kula, nawa mikono", na "mbele tulikuwa tunaishi Masisi", maana yake zamani. Mtu yuleyule anasema "tutaona mbele", maana yake kesho na keshokutwa. Katika picha ya kwanza matukio yamepanga mstari kama watu kwenye foleni ya bomba la maji: aliye mbele ndiye wa kwanza. Katika ya pili mimi ndiye ninayetembea, na mbele ni pale macho yangu yanapoelekea. Ndiyo maana yajayo ni siku za usoni. Wanasaikolojia wamewauliza wasemaji wa Kiingereza swali hilohilo la mkutano wa Jumatano, nao wakagawanyika vilevile. Boroditsky na Michael Ramscar waliripoti mwaka 2002 kwamba uwanjani mwa ndege, waliokuwa wametoka tu kusafiri walielekea zaidi kujibu Ijumaa kuliko waliokuja kupokea wageni. Mwili uliotembea ulichagua picha ya mtembeaji.

Na kuna Waaymara wa milima ya Andes, ambao kwao yaliyopita yako mbele, kwa kuwa yameshaonekana, na yajayo yako mgongoni. Rafael Núñez na Eve Sweetser walichunguza mwaka 2006 na kuona wazee wakinyoosha mkono mbele wanapotaja mababu. Mimi nikisikia hivyo siwaoni Waaymara kuwa wamefungwa. Naona kwamba nami ninaweza kusimama pale wanaposimama kwa dakika moja, na kweli, kesho siioni.

Tuje kwenye paradigma, neno ambalo naona linakuchanganya, na si kosa lako. Ni Kigiriki, lina maana ya mfano au kielelezo. Walimu wa sarufi walilitumia kwa lile jedwali la kitenzi: ninasoma, unasoma, anasoma. Mwanafunzi aliyelishika anaweza kunyumbua kitenzi ambacho hajawahi kukutana nacho. Thomas Kuhn, mwanafizikia aliyegeukia historia ya sayansi, alilichukua mwaka 1962 kueleza jinsi wanasayansi wanavyojifunza: wanapewa tatizo moja lililotatuliwa vizuri, kisha wanaona matatizo mengine yote kwa sura ya lile. Kitabu chake kililitumia kwa namna nyingi mno. Margaret Masterman alihesabu maana 21, na Kuhn mwenyewe ilibidi mwaka 1969 aandike nyongeza ya kuzitenganisha. Kwa kazi yako ichukue hivi: sitiari ni picha moja; paradigma ni pale picha inapopata shule, vipimo, bajeti na watu wa kuilinda, mpaka maswali yasiyoingia ndani yake yanaonekana ya kijinga.

Hewa mbaya ilikuwa na shule ya namna hiyo. Katika Ulaya ya karne ya 19 waganga wengi waliosoma waliamini kwamba magonjwa yanatokana na hewa iliyooza. Neno malaria ni Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya. Karibu ndiyo tafsiri ambayo watu hulipa neno mazuku! Na hapo ndipo mambo yanapopendeza kwa mtu wa Goma. Kwa malaria picha ilikuwa ya uongo: Alphonse Laveran aliona kimelea ndani ya damu mwaka 1880 huko Algeria, na Ronald Ross akakipata ndani ya mbu mwaka 1897. Hata hivyo aliyeogopa hewa ya kinamasi na kufunga madirisha jioni alijikinga na mbu bila kujua. Kwa mazuku hewa ni mbaya kweli, ila neno upepo linakupeleka pabaya. Ukweli wa picha na faida yake haviendi pamoja kila mara.

Kwa kolera, picha ya harufu iliua. London mwaka 1848 na 1849, wakuu wa mji walioamini kwamba uvundo ndio ugonjwa walisafisha mashimo ya vyoo kwa kuyamwaga mtoni Thames, mto ambao watu wengi walikunywa maji yake. Walikuwa watu wenye nia njema, wamesoma, wana vifaa. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wamezunguka pampu moja ya maji, na bado miaka ikapita kabla wengi hawajamkubali. Kila ushahidi wake uliweza kusomwa upya kwa macho ya hewa mbaya.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda London. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, walichota maji ziwani, na makoro hayachimbiki, iwe choo, iwe kaburi. Watafiti walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kolera na kuhara damu. Na leo bado naona mtu akiziba pua penye takataka, kisha anajaza bidoni ziwani kwa sababu maji yanang'aa na hayanuki. Shule ya harufu haijafungwa. Ukiongea na wamama wa Ndosho kuhusu kolera, adui yako wa kwanza ni wazo kwamba uchafu hunuka. Usilikanushe tu; waletee maji safi kwa macho kwenye glasi, weka chumvi, koroga, wape waonje. Watajua wenyewe kwamba maji yanaweza kubeba kitu kisichoonekana.

Sasa niseme juu ya Ebola, na hapa nina uchungu. Janga la mashariki mwa Kongo lilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na likatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470 waliandikwa, na 2,287 walikufa. Mgonjwa wa kwanza katika mji wetu alithibitishwa Julai 2019. Kazi yote ya kupambana nalo ilipewa jina la Kifaransa, riposte. Neno hilo ni la wacheza panga: pigo unalorudisha baada ya kuzuia pigo la mwenzako. Watu wakasema "wa riposte wamekuja". Walikuja kwa misafara ya magari, sehemu nyingine wakisindikizwa na wenye bunduki. Kwenye vizuizi ulielekezewa kwenye paji la uso kipimajoto chenye umbo la bastola. Aliyepona aliitwa vainqueur, mshindi. Nikawaza aliyekufa basi aliitwa nini, na watoto wake walilisikiaje jina hilo.

Najua kwamba vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo, vilivyoshambuliwa Februari 2019, havikushambuliwa kwa sababu ya neno. Kulikuwa na vita vya miaka mingi, kulikuwa na uchaguzi ulioahirishwa Beni na Butembo Desemba 2018, kulikuwa na fedha watu walizoziona zikipita juu ya vichwa vyao. Lakini nasema hivi: katika nchi yenye amani, daktari akisema "tunapigana vita na virusi", ni picha. Kwetu vita ni jambo tunalolijua kuliko tunavyoijua Ebola. Maarifa yetu yote ya vita yalihamia upande wa ugonjwa: kwamba kuna pande, kwamba kuna wanaofaidika, kwamba mwenye akili anakimbia na kuficha watu wake. Kumficha mgonjwa ni tendo la busara kabisa ndani ya picha ya vita.

Nilijifunza hilo darasani kabla ya Ebola. Nilikuwa nawaambia watoto, kama vitabu vinavyosema, kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Msichana mmoja, wazazi wake walikuwa wamekimbia kutoka vijijini, akauliza: "Mwalimu, hao askari ni wa upande gani?" Darasa halikucheka. Sikuwa na jibu, na tangu siku ile sijatumia picha hiyo tena.

Natumia neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo muda wote: kinga. Kukinga ni kuweka kitu kati yako na kinachokujia, kama mtoto anavyokinga mvua kwa jani la ndizi. Mvua haina upande, haina mkubwa wake, haimchukii mtu. Hakuna aibu kulowa. Na kila mama wa Ndosho anajua kwamba nyumba ya jirani ikivuja ukutani mnapopakana, maji yatafika kwako. Ukisema chanjo ni kinga katika maana hiyo, swali linalofuata ni "jani lipo, linatosha watu wote?" Hilo ni swali unaloweza kulijibu.

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwenye safari zako. Wahamasishaji mnapenda kusema "tumefikisha ujumbe". Michael Reddy aliandika mwaka 1979 juu ya picha hiyo: tunadhani maneno ni chombo, mawazo yamo ndani, msemaji anafunga, msikilizaji anafungua. Maneno yakiwa bidoni, basi ukishaifikisha mlangoni kazi yako imekwisha, na asiyekunywa ana kichwa kigumu. Nimesikia ripoti nyingi za namna hiyo mikutanoni: ujumbe ulifika, watu hawakutaka kuelewa. Kuelewa hakusafirishwi. Yule kijana wa Bulengo hakunifikishia ujumbe. Alishusha mshumaa, akaniacha nione, kisha akasema maneno matano.

Na picha ya maji nayo usiiabudu. Mtu anayeiamini kupita kiasi anaweza kudhani kwamba mazuku itateremka na kuishia ziwani kama mto, au kwamba akiziba mdomo kama mzamiaji atapita salama. Kila picha ina mahali inapokatika. Mlima wetu Nyiragongo tunasema umelala, kisha umeamka, na aliyelala hujigeuza kabla ya kuamka. Tarehe 22 Mei 2021 haukujigeuza: ubavu wake ulipasuka jioni na lava ikatoka karibu bila dalili. Wanasayansi waliouchunguza wanaongea habari ya ukuta uliopasuka. Chungu chenye ufa, kilichojaa, kinasema kweli zaidi ya mtu aliyelala. Kesho huenda chungu nacho kikashindwa.

Kwa hiyo ukienda Bulengo, kabla hujasema neno uwaulize wamama wao wanaiitaje, inatembeaje, inampata nani kwanza, saa ngapi. Utasikia upepo, pengine shetani, pengine kitu ambacho mimi sijawahi kukisikia. Usikisahihishe. Kisha omba mtu wa pale anayejua ukingo ulipo, mwende naye alfajiri, mkae upande wa juu, na mshumaa kwenye kijiti kirefu, kirefu kuliko unavyodhani kinahitajika. Watoto wasimame nyuma ya mama zao. Mwali ukizimika, nyamaza, umwache mtu wa kwanza aseme anachokiona. Akisema ni kama maji, waulize wanafundishaje watoto wao kuhusu ziwa.